Nyungunyungu ni mfugo: maongezi ya Uyole kwa wale mliokosa kufika

Wale ambao hamkufika Jumamosi mmeulizia sana kwenye grupu, sasa maongezi yote haya hapa, nimeyaandika kama nilivyoongea, kelele za watoto na zile picha za ukutani nimeziacha.

Shikamooni wazee wangu, shikamooni mama zangu. Vijana mambo. Mugonile, na wale waliopanda basi kutoka Iringa na Makambako, kamwene. Asanteni kwa kuja, maana najua mtu ameacha viazi vyake sokoni vinamsubiri ili aje kusikiliza habari za minyoo. Kuna mama mmoja pale mlangoni ameniambia, mwanangu mimi nimekuja ila usinishikishe. Mama, sikushikishi, kaa kwa amani, ila ndoo ipo hapa mezani na mwishoni itafunguliwa.

Niulize kwanza. Nani hapa anafuga? Inueni mikono. Kuku, naona. Ng'ombe wa maziwa, naona. Nguruwe, haya. Samaki wa kwenye kioo? Eee, vijana wa huko nyuma. Sasa wewe mwenye ng'ombe, ukimnunua leo ukamfungia bandani, unamtupia takataka yoyote iliyopo, maji humpi, halafu unarudi baada ya mwezi unamkuta amekufa, utasema ng'ombe hawafai? Si tutakwambia wewe ndiye hufai? Lakini kwa nyungunyungu ndivyo tunavyofanya, mtu anaokota minyoo wake shambani, anawamwaga kwenye shimo la taka, akirudi hakuti kitu, anasema aah hizi habari za mtandaoni ni uongo. Nyungunyungu ni mfugo jamani. Ni mfugo! Ana banda lake, ana chakula chake, ana maji yake, ana maadui zake, na kuna vitu ukimpa unamuua.

Tuanze na mwili wake maana ukiuelewa mwili hayo mengine unayajua mwenyewe hata nisipokuwepo. Huyu hana mapafu, anapumua kwa ngozi. Ngozi ikikauka hewa haipiti, anakufa. Ukimzamisha kwenye maji yaliyotuama yasiyo na hewa, anakufa vilevile. Hana meno, ana firigisi inayosaga, ndiyo maana tunamwekea maganda ya mayai yaliyopondwa au mchanga kidogo. Hana macho ila mwanga anaujua na anaukimbia. Na lile tuliloambiana tukiwa wadogo kwamba ukimkata kwa jembe wanakuwa wawili, hapana, kipande cha mkia kinakufa, cha kichwa kikibahatika kinapona, basi.

Kuna mzee wa Kiingereza, Charles Darwin, ndiyo huyo huyo mliyemsikia shuleni, kitabu chake cha mwisho alikitoa 1881 na kilikuwa cha nyungunyungu, kitabu kizima. Yule mzee aliwaweka kwenye vyungu ndani ya nyumba, akawapulizia filimbi, wakatulia. Mwanawe akaja na zumari kubwa la Kizungu linaitwa basuni, akalipuliza, wakatulia. Piano ikapigwa karibu yao, wametulia tu. Halafu akaviweka vile vyungu juu ya piano yenyewe, ikabonyezwa noti moja nzito, wakazama mashimoni papo hapo. Unaona sasa? Sauti hawasikii, mtikisiko wanausikia sana. Kwa hiyo wewe ndugu yangu mwenye mashine ya kusaga uliyeniuliza kama unaweza kuweka ndoo zako kwenye kona ya mashine ili upate joto, jibu lako alishalitoa mzee Darwin. Watatoroka wote.

Sasa mnyoo gani? Maana hapa ndipo watu wengi wanaanzia vibaya. Yule mnene wa kijivu unayemkuta chini kabisa ukilima siye. Yule kazi yake ni kuchimba udongo, ukimfungia kwenye ndoo ya maganda anajifia. Tunayemtaka anaishi juu juu, ndani ya vitu vinavyooza, mwembamba, mwekundu wa kukolea, wengine wana pete za njano kwa mbali hasa upande wa mkiani, na ukimkera anatoa majimaji ya njano yenye harufu. Kitaalamu anaitwa Eisenia fetida, ndiye anayefugwa zaidi duniani. Huku kwetu fukua lundo la samadi la zamani, chini ya magogo ya migomba yaliyooza kule Tukuyu, kwenye malundo ya maganda ya kahawa Mbozi, utakuta wekundu wanaoishi juu juu. Siwezi kukuhakikishia kila mwekundu ni huyo huyo, tunao wengi wa kienyeji, ila kipimo chake ni rahisi, waweke kwenye ndoo uwalishe vizuri halafu chunguza kama wanazaa. Utaona vijifuko vidogo vya rangi ya njano, umbo la limao, ukubwa wa kichwa cha kiberiti au pungufu. Hayo ndiyo mayai yao, kila kifuko kinaweza kutoa watoto kadhaa baada ya wiki tatu hivi kama joto ni zuri, na mtoto anachukua kama miezi miwili kukomaa mpaka aote ule mkanda mnene karibu na kichwa. Ukiona mkanda jua huyo ni mzazi. Na wote wanazaa, hakuna dume na jike, kila mmoja ana vyote viwili.

Banda lake si gharama. Ndoo mbili za lita 20, moja inaingia ndani ya mwenzake, ya juu unaitoboa matundu kwa msumari wa moto chini na pembeni, ya chini inapokea majimaji. Ndani unaweka matandiko: maboksi yaliyochanwachanwa, magazeti, majani makavu ya mgomba, samadi iliyokaa muda mrefu. Unalowanisha. Ulowanishe kiasi gani? Chukua konzi moja ukamue kwa nguvu, likitoka tone moja au mawili ni sawa, yakichuruzika umezidisha, lisipotoka kitu ongeza. Chakula unakifukia chini ya matandiko, usikiache juu, inzi watakuja. Maganda ya ndizi, ya viazi, mabaki ya mboga, majani ya chai, machicha ya kahawa wanayapenda mno. Wakishazoea, kilo moja ya minyoo inaweza kumaliza kama nusu kilo kwa siku, ila mwanzoni wape kidogo kidogo, kikiisha ndiyo unaongeza.

Vitunguu, limao, pilipili, achana navyo. Chumvi, mafuta, nyama, usithubutu. Kuna kijana mmoja Isyesye, mchapakazi kweli, kwao kulikuwa na kipaimara, pilau likabaki, yeye akaona bahati imemwangukia akalimwaga sufuria zima kwenye ndoo ya minyoo. Asubuhi anafunua, ndoo ina joto unalolisikia kwa mkono, harufu ya pombe, minyoo wamepanda kuta zote wametokea kwenye mfuniko, wengine wako sakafuni wamekauka. Chumvi ile inawanyonya maji mwilini, na chakula kingi kikichacha kwa pamoja kinatoa joto. Aliwahi, akawahamishia kwenye matandiko mapya, wengi wakapona. Ukiona minyoo wanapanda kuta kwa wingi, hao wanakimbia kitu, tafuta ni nini, usiwarudishe tu ukafunika.

Maadui. Kuku wako mwenyewe ndiye wa kwanza! Panya wapo. Ila baba wa maadui ni siafu, na watu wa Rungwe mnanielewa. Mama mmoja Tukuyu alikuwa na kreti zuri la mbao, limejaa, siafu wakapita usiku mmoja tu, asubuhi alikuta matandiko yametulia, hakuna mnyoo hata wa dawa. Sasa hivi kreti lake lina miguu minne na kila mguu umesimama ndani ya kopo lenye maji na oili chafu kidogo, siafu wanapita pembeni.

Na baridi je? Hili mnaniuliza kila mara. Hawa wekundu raha yao ni kati ya nyuzi 15 na 25, kwa hiyo Mbeya na Iringa kwa sehemu kubwa ya mwaka ni kwao kabisa. Juni na Julai usiku kipimo kinashuka chini ya 10, wanapoa, wanakula kidogo, kuzaa kunasimama. Hawafi kirahisi kwa hiyo baridi, ila usiwalazimishe kula, chakula kitachacha. Zungushia ndoo viroba, ongeza matandiko, sogeza karibu na jiko. Kinachowaua haraka ni joto, chumba cha bati kinachopigwa jua mchana kutwa kinaweza kuwamaliza siku moja.

Haya, vijana wa samaki, mmesubiri. Msogee mbele.

Kwanza niseme wazi, huyu mwekundu wa kwenye mboji si chakula bora kwa kila samaki. Yale majimaji ya njano niliyoyasema, samaki wengine hawayapendi, anameza anatema. Samaki mkubwa mlafi, oska kwa mfano, atamla. Goldfishi mkubwa umkatie vipande. Kabla ya kulisha, watoe minyoo kwenye mboji, waweke kwenye karatasi safi yenye unyevu siku nzima ili tumbo litoke uchafu, halafu waoshe. Ukimtupia moja kwa moja kutoka kwenye samadi umemwagia samaki wako samadi, si ndiyo?

Kwa samaki wadogo kuna ukoo mwingine, na hapa ndipo sisi wa nyanda za juu tumependelewa. Kuna minyoo weupe, wembamba, wanafika sentimita mbili au zaidi kidogo, hawa wanapenda baridi, nyuzi 12 mpaka 20 hivi, zikizidi 25 wanaanza kufa. Mtu wa Dar es Salaam akitaka kuwafuga sharti atafute friji, anabishana na mkewe nafasi ya nyanya. Wewe wa Mbeya unaweka boksi chini ya kitanda, umemaliza! Wapo wengine wadogo zaidi wanaitwa grindali, kama sentimita moja, hao wanataka joto la ndani ya nyumba, 20 na kitu. Na wapo wadogo kabisa, maikro, milimita moja mbili, chakula cha vifaranga wa samaki.

Mbegu ya hawa haiokotwi shambani kirahisi, unagawiwa na mwenzako, tena kijiko kimoja kinatosha. Grindali nitawaeleza vizuri kwa sababu ndiyo nawapenda. Chukua kopo la aiskrimu, weka makumbi ya nazi yaliyosagwa au udongo mwepesi wa msituni, uumwagie kwanza maji yanayochemka kuua utitiri na mayai ya wadudu, uache upoe, uchuje ubaki na unyevu. Weka mbegu. Juu yake weka oti kidogo au kile chakula kikavu cha paka kilicholoweshwa, halafu lalia kipande cha kioo kisafi juu ya chakula, kigusane nacho. Funika, mfuniko uwe na matundu madogo. Kesho yake inua kile kioo ukigeuze. Utakuta minyoo weupe wamejisokota upande wa chini, wengi, wanachezacheza, na wamejikusanya pale kwenye chakula tu, kwingine hakuna. Unakichovya kioo kwenye kikombe cha maji wanadondoka, unamwaga maji machafu, unamimina mengine safi, unawavuta na bomba la sindano unawapeleka kwenye tangi. Ukiona ukungu mweupe juu ya chakula umeweka kingi. Ukiona utitiri wengi wanatembea tembea, usihangaike nao, chota minyoo wachache uwaoshe uanze kopo jipya. Weka makopo mawili siku zote, moja likiharibika una lingine.

Maikro ni rahisi zaidi, uji mgumu wa oti au hata wa mahindi uliopoa, hamira kidogo juu, unaweka mbegu, baada ya siku chache wanapanda kuta za kopo unawafuta kwa kidole unaosha kidole ndani ya tangi. Ila kunanuka. Baada ya wiki chache kunakuwa majimaji, unaanza upya. Mama mwenye nyumba akilalamika ana haki.

Lakini sikiliza. Minyoo weupe wana mafuta mengi, samaki anawapenda kuliko chakula cha dukani, na ukimpa kila siku ananenepa anaharibika. Mara moja mbili kwa wiki, na kiasi anachomaliza kwa dakika chache. Wanaobaki chini wanakufa, wanaoza, wanatoa amonia, sumu kwa samaki, halafu unakuja kuniambia minyoo wako wameua samaki. Na wale wanaokwenda kuchota minyoo wekundu wembamba kwenye mitaro ya maji machafu, wale wanaojitikisa kwa makundi kwenye tope, achaneni nao. Wanaliwa vizuri sana, ndiyo, ila wanaishi kwenye kinyesi chetu. Kuna saluni moja Mwanjelwa ilikuwa na tangi zuri la goldfishi, samaki anayefaa sana huku kwetu kwa sababu hahitaji hita, wateja wanakaa wanaangalia. Mwenye saluni akaletewa hao wa mtaroni, bure. Haikupita wiki tangi likawa tupu, na mimi bure ya namna hiyo siitaki.

Swali la Matema, kule ufukweni mwa Ziwa Nyasa. Najua lipo, maana mtu akienda Kyela akaona mbuna, wale samaki wa Ziwa Nyasa, walivyo na rangi, buluu, njano, anataka. Hawa wamesambaa kwenye matangi dunia nzima, watu wa Ulaya na Marekani wanawafuga, halafu sisi tunaoishi saa chache kutoka ziwani tunafuga wa kutoka Asia. Haya. Lakini mbuna wengi kule ziwani kazi yao ni kukwangua mwani kwenye miamba, utumbo wao ni mrefu, wa mla majani. Ukimshindilia minyoo yenye protini na mafuta unamtafutia tumbo kuvimba, wafugaji wanaujua sana ugonjwa huo, na akishavimba kupona ni nadra. Yule wa njano, Labidochromis caeruleus, huyo kwa asili anakula vidudu, mnyoo mara moja moja hamdhuru. Mbuna wengine mpe mboga, chakula chenye mwani. Yaani umjue samaki wako anakula nini kwao kabla hujamletea zawadi.

Na kuna jambo moja la huku kwetu tu ambalo vitabu vya watu wengine havitawaambia kwa uzito unaostahili. Pareto. Tunalima pareto Uporoto, Njombe, Mafinga huko, ni dawa nzuri ya wadudu, na mtu anaona ni ya asili anadhani haina neno. Pareto inaua samaki jamani, hata kwa kiasi kidogo sana kwenye maji. Majani ya kabichi yaliyopigwa dawa juzi, yawe ya pareto au ya dukani, yasiende kwenye ndoo ambayo minyoo wake watakwenda kwenye tangi. Mabua na vumbi la pareto ndiyo kabisa. Pia samadi ya ng'ombe aliyetoka kupewa dawa ya minyoo, sasa hiyo jina lake tu linakutosha, si ni dawa ya minyoo?

Mbolea nitaipitia haraka maana wengi mmeshaiona. Kuvuna, mwaga ndoo juu ya nailoni sehemu yenye mwanga, fanya vichuguu vidogo, minyoo wanakimbilia chini, wewe unakwangua mbolea ya juu kidogo kidogo mpaka unabaki na minyoo. Kwenye viriba vya miche ya parachichi changanya sehemu moja kwa nne za udongo, inatosha. Kuna mama Njombe alifanya jambo la akili kuliko wengi wetu, viriba nusu akaweka, nusu hakuweka, akavipanga pamoja, akamwagilia sawa, ndiyo akaamua kwa macho yake. Fanyeni hivyo, msiniamini mimi kwa maneno.

Ila kumbukeni hii mbolea haipati joto, haichemki kama lundo la kawaida. Mbegu za nyanya zinapita salama, zitaota kila mahali. Na viazi vyenye mnyauko, huo mnyauko bakteria unaotusumbua, visiingie kwenye ndoo halafu mbolea ikarudi kwenye shamba la viazi. Ukishafanya hivyo umepanda ugonjwa kwa mikono yako.

Pesa. Mnakumbuka kware? Hahaha, naona watu wanaangalia chini. Mtu alinunua yai kwa bei ya ajabu kwa sababu aliambiwa litanunuliwa tena. Kwenye minyoo ilishatokea Marekani, kampuni ikawauzia watu minyoo kwa ahadi ya kuwanunua wakizaliana, 2003 ikafilisika, watu wakabaki na minyoo. Akija mtu hapa Mbeya na mkataba wa namna hiyo, mwulize swali moja, nani wa mwisho anayewatumia? Kama jibu ni mfugaji mwingine, mpe chai aende. Faida ya kweli iko kwenye mbolea unayoacha kununua, samaki unaowalisha, labda vijiko vya mbegu ya grindali kwa wenzako.

Nimeona mkono. Mama, uliza tu.

Mama ameuliza, hizo ndoo zikikaa jikoni hazitanuka? Mama, hazinuki. Ikinuka kuna kosa, ama maji yamezidi ama chakula kimezidi. Weka maboksi makavu yaliyochanwa, geuza kidogo kwa mkono upate hewa, na uache kulisha mpaka kilichomo kiishe. Harufu inayotakiwa ni ya udongo baada ya mvua. Na kwa kuwa mama ni wewe uliyesema usishikishwe, mimi nitakushikia ndoo, wewe nusa tu.

Wengine wenye makopo pangeni foleni upande wa dirishani, kila mtu konzi moja pamoja na matandiko yake, wenye tangi watapata kijiko cha grindali kwa yule dada mwenye koti jekundu. Mfuniko utobolewe kabla hujapanda daladala, na kopo usiliweke juu ya injini.